Kiota cha Utosini

Katika nyumba yetu konzi ndilo lililotulea. Mama yangu hakuwa na fimbo wala kiboko, na hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa na kifundo cha kidole cha kati cha mkono wa kulia, na kichwa chochote chenye hatia kilichopita karibu naye kilijua kitakachofuata. Kaka zangu walilia, dada zangu walilia, hata mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi kwa sauti ya dharau aliondoka na chumvi yake na konzi lake. Mimi peke yangu sikupigwa. Niliwahi kumwaga chupa nzima ya mafuta ya mawese kwenye mkeka mpya, nikasimama palepale nikimtazama. Mkono wake ukapanda, ukasita hewani, ukashuka taratibu kunifinya sikio.

Ndugu zangu waliamini kwamba mimi ndiye kipenzi cha mama, nami sikuona sababu ya kuwasahihisha. Ukweli ni kwamba nilizaliwa na kitu utosini. Kilikuwa kivimbe kidogo, laini, kisicho na unywele hata mmoja, na kukizunguka palikuwa na duara la nywele nyeusi na ndefu kuliko zote nilizokuwa nazo, kama yai ndani ya kiota. Mkunga aliyenizalisha, kwetu mashariki ya Congo, alikipapasa kwa ncha ya kidole, akamwambia mama kwamba huenda kichwa changu hakikufunga vizuri, na kwamba chini ya hapo panaweza kuwa na tundu linaloingia moja kwa moja kwenye ubongo. Pasiguswe, pasipigwe, pasikamuliwe. Kisha akaenda kumzalisha mwanamke mwingine, na nadhani alisahau maneno yake kabla hajamaliza kunawa mikono. Mama aliyashika kwa zaidi ya miaka thelathini.

"Pale ni mulango," aliniambia tangu sijajua kusema. "Mungu alisahau kuufunga. Usiache mutu aguse."

Basi nikakua kwa kulindwa. Wenzangu walibeba ndoo za maji kichwani, mimi nilitembea pembeni nikiwaimbia, jambo ambalo halikuniongezea marafiki. Hakuna aliyeruhusiwa kunisuka isipokuwa mama mwenyewe. Aliniketisha kati ya magoti yake, akaanzia kwenye lile duara, akazikusanya nywele ndefu na kuzivusha juu ya kivimbe kwa misuko myembamba iliyopishana, kisha akazishusha zilizobaki pande zote mpaka shingoni. Alipomaliza, kivimbe kilikuwa ndani ya kijumba cha nywele, na mtu asiyejua aliona kichwa kilichosukwa tu. Haukuwa msuko wa urembo hata kidogo. Ulikuwa ukuta, na aliujenga upya kila ulipolegea, hata nilipokuwa mwanamke mzima ninayejilisha mwenyewe.

Vita vya kwetu vilitufukuza wakati Kampala ilikuwa imeshatulia baada ya vita vyake. Ndugu zangu walitawanyika, kila mmoja na njia yake. Mimi na mama tulipata chumba Kasubi, nyuma ya duka la mkaa, na nikaanza kutafuta kazi. Nilikuwa nimesomea ushonaji, na nilieleza hivyo kila nilikoingia. Lakini Kampala ilikuwa inajua tayari Mkongo ni nani: akiwa mwanamume anapiga gitaa, akiwa mwanamke anasuka. Mama mmoja Mkenya, mwenye saluni Nakawa karibu na soko, aliniuliza natoka wapi, nikajibu, akanipa chanuo. Nilijaribu kumwambia habari za cherehani. Alikuwa ameshageuka kumkaribisha mteja.

Mteja huyo alikuwa msichana wa chuo kutoka Kyambogo, na alikuwa na haraka. Mimi nilijua msuko mmoja tu duniani, ule wa mama, na hata huo niliujua kwa kuusikia kichwani mwangu, sijawahi kuusuka kwa mkono. Nikamsuka huohuo. Shida ikatokea utosini. Ule msuko umetengenezwa kupita juu ya kitu, na yeye masikini hakuwa na kitu, kwa hiyo katikati pakabonyea kama godoro la zamani. Nikatazama huku na huku, nikachomoa kipande cha sponji kutoka kwenye kiti kilichopasuka, nikakiviringisha na kukifungia humo ndani. Pakasimama vizuri, na msichana akajitazama kwenye kioo mpaka akasahau haraka yake.

Bosi wangu alikuja kumzunguka, kisha akanizunguka na mimi.

"Weh! Kumbe ni hii yako! Umetoa wapi?"

"Kwetu."

"Basi kwenu wameendelea. Na wewe umekaa na kitu ya maana hivi kichwani na hujaniambia?"

Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua.

Yeye ndiye aliyeupa msuko jina la Kiota, na yeye ndiye aliyeandika nje ya saluni kwamba hapa ndipo kwenye Kiota halisi, wengine wote waongo, kabla hata hao wengine hawajajitokeza. Walijitokeza upesi. Wasichana wa Kyambogo waliusambaza chuoni. Kutoka hapo ukaingia kwenye maofisi ya Nakawa, ukaingia kwenye harusi, ukapanda hadi vichwani mwa kina mama wanaouza nyanya sokoni. Mchungaji wa kanisa letu la Wakongo aliuhubiri vibaya Jumapili moja, akisema ni mnara wa kiburi na kwamba waumini wa nyuma hawaoni madhabahu. Jumapili iliyofuata mkewe aliingia na Kiota kikubwa kuliko vyote, akaketi mstari wa mbele, na mchungaji akahubiri juu ya uvumilivu.

Nilikuwa nikisimama pale saluni, nikiwatazama wanawake wenye afya njema, wenye vichwa vilivyofungwa barabara na Mungu asiyekuwa na haraka, wakijitia vipande vya godoro utosini ili wafanane na ugonjwa wangu. Siku nyingine nilicheka peke yangu. Siku nyingine nilichukia kabisa, nikavuta msuko kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyotakiwa. Wao walidhani ndivyo kwetu wanavyosuka.

Kisha wakaanza kuchunguza. Mteja mmoja mzito, Mganda mwenye duka la vitambaa, alinitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Nyabo, mbona yako inakaa vizuri, yangu inarara upande? Wewe unaweka sponji gani?"

Nilikuwa nimechoka, na jibu likanitoka bila kupita kwenye akili. "Ya Congo."

"Banange! Mimi nirijua! Hawa wanatuwekea ya hapa!"

Kosa kubwa. Kampala wakati ule ilikuwa inaamini kwamba kitu chochote kinachohusu kujipamba, kikitoka Congo, ni bora: kitenge, mafuta ya kupaka, muziki wa kuchezea ukishajipaka. Kabla wiki haijaisha kila mteja alitaka sponji ya Congo, na bosi wangu akanivuta pembeni akitaka nimuunganishe na mtu wa kuileta. Nilimwambia barabara ni mbaya, kuna waasi. Akasema biashara haiogopi waasi. Mwishowe alitokea kijana wa Kikongo aliyeileta kwa magunia, imefungwa vizuri kwa majani ya migomba, na wateja wakainusa na kusema kweli, hii ni nyingine. Mimi niliitambua. Ilikuwa mabaki ya kiwanda cha magodoro, hapohapo Nakawa, ng'ambo ya barabara. Nikaisuka kwenye vichwa vyao bila kusema kitu, kwa kuwa ile ya kwangu, ambayo ndiyo pekee iliyotoka Congo, ilikuwa imeanza kuuma.

Iliuma kwanza chini ya draya, joto lilipozidi. Halafu ikauma bila draya. Nilipopapasa, kivimbe kilikuwa kimekua, kigumu upande mmoja, na juu yake ngozi ilikuwa nyembamba na yenye kung'aa. Sikumwambia mama. Lakini ni yeye aliyekuwa akinisuka, na vidole vyake vilikijua kile kitu kuliko nilivyokijua mimi. Asubuhi moja aliona tone la majimaji kwenye mto wangu. Aliuchukua ule mto, akaupeleka kwenye mwanga wa mlango, akaunusa.

"Bongo inatoka," akasema.

"Mama, ni kidonda."

"Taja wajomba zako."

"Mama."

"Taja! Mukubwa mpaka mudogo!"

Nikawataja wajomba wote, kwa mfuatano wa kuzaliwa, pamoja na yule tusiyemtaja kwa sababu ya mambo yake na mke wa jirani. Mama alifuata kwa vidole mpaka mwisho, akashusha pumzi, akageuza mto upande mkavu. Tangu siku hiyo nilifanyiwa mtihani huo kila asubuhi kabla ya chai. Nikikohoa kati ya mjomba mmoja na mwingine, alishika kifua.

Mama akanifumua utosini, tukaanzia zahanati ya uchochoroni, kwa kuwa ilikuwa karibu. Kijana wa koti jeupe aliminya mara moja, akasema ni jipu, akachukua kiwembe. Mama akasogea. Alimshika kifundo cha mkono, kwa mkono uleule wa konzi, mpaka kiwembe kikaanguka chini na kijana akatuelekeza mwenyewe hospitali kubwa.

Huko tulipelekwa kwa daktari wa vichwa, mzee mwenye miwani na sauti nzito. Aliposikia sisi ni Wakongo, akaacha Kiingereza na kutusemesha Kiswahili. Alikuwa amekipata jeshini, akitibu askari, na kwa hiyo alikuwa na Kiswahili cha amri tu, hana kingine.

"Kuja! Kaa! Inama! Toa kitambaa!"

Nikainama na kutoa kitambaa. Niliposikia kimya, nikageuza macho, nikamwona mama amesimama ukutani na mikono yote miwili juu. Hakuwa anafanya mzaha. Kiswahili ni lugha yetu ya jikoni, lakini kwa sauti ile, kutoka kwa mwanamume aliyesimama, alikuwa amekisikia mahali pengine, kwenye barabara tuliyokimbilia. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, na nilifanya yote mawili nikiwa nimeinamisha kichwa.

"Mama, weka mikono chini," daktari akasema. Hiyo nayo ilikuwa amri, na mama akaitii.

Akanipapasa. Alipapasa kivimbe, akapapasa duara la nywele, akarudi kwenye kivimbe, na sauti yake ikaanza kulainika kama ya mtu aliyeletewa zawadi asiyoitegemea. Akauliza kama nimezaliwa nacho. Akafungua mlango, akaita. Wanafunzi wa udaktari wakaingia na makoti yao meupe mpaka chumba kikajaa, na wa nyuma wakasimama kwenye kiti. Akawaeleza kwa Kiingereza, akionyesha kwa kalamu. Neno nililoshika ni kwamba kitu hiki ni nadra, kwa sababu kila alipolitamka wote walinitazama kwa heshima. Nadra! Mwenye kitu cha nadra kwa kawaida hupongezwa. Mimi hata jina sikuulizwa.

Halafu wakapanga mstari ili kila mmoja aguse.

Fikirini mama yangu alivyokuwa. Zaidi ya miaka thelathini, ukiacha yule kijana wa zahanati, hakuna kidole cha mtu kilichofika pale isipokuwa chake. Sasa mlango wake ulikuwa umepangiwa foleni. Alijikaza kwa wa kwanza. Wa pili akamwambia aguse polepole. Wa tatu alimzuia, akamgeuza mikono na kumkagua kucha, akamrudisha akanawe. Kuanzia hapo hakuna aliyenigusa bila kupita kwake, na daktari mwenyewe, mzee wa watu, alipotaka kugusa tena, alionyesha kucha zake bila kuambiwa.

Walipotoka alituketisha, akajaribu kueleza. Namheshimu hadi leo kwa jitihada ile, maana alikuwa anajenga nyumba kwa kutumia nyundo peke yake.

"Sikiriza. Bongo iko na nguo. Nguo ya ndani, nyembamba, inafunika yeye. Wewe uko tumboni ya mama, kichwa inafunga. Kipande ya nguo inabaki nje, chini ya ngozi. Iripotea. Inakaa hapo miaka yote, sasa imekuwa uvimbe. Mimi nafikiri hivyo. Maabara itasema."

"Ni saratani?" nikauliza.

"Nyingi si mbaya. Rakini." Akanyanyua kidole. "Sijui kama iko na kamba. Kama kamba inatoka hapa, inapita mufupa, inafika ndani, hiyo kazi kubwa. Hatari. Kama mufupa imefunga, kazi ndogo. Picha itasema."

Nikalazwa ndani ya mashine, nikapigwa picha. Picha ilionyesha kishimo kwenye mfupa, chini kabisa ya kivimbe. Kama kile kishimo kilikuwa na mwisho au kilikuwa kinaendelea, picha haikuweza kuapa. Daktari aliitazama kwenye mwanga, akaigeuza, akaitazama tena.

"Picha inasema rabuda," akasema. "Mimi nitajua siku nitafungua."

Neno hilo la kufungua ndilo lililotuletea vita nyumbani.

"Afungue?" mama alisema tukiwa tumefika Kasubi, na hakuacha kulisema kwa siku nyingi. "Mulango yenye nimeshika na hii mikono tangu ulizaliwa, yeye anataka kufungua aone? Aone nini? Akute uko wazi, ataufunga na nini?"

Hilo hasa ndilo nililokuwa naogopa. Niliogopa sana. Niliogopa kufa, na zaidi ya kufa niliogopa kuamka nikiwa hai lakini sijui mama ni nani. Kazini niliendelea kusuka viota huku nikihisi changu kinadunda, na wateja walinisimulia mambo ya mabwana zao, na bosi alikuwa amepanga kufungua saluni ya pili. Kuna aliyelalamika kwamba Kiota chake kinamuumiza kichwa. Nilimwambia kwa upole kwamba chake, akivuta uzi tu, kinatoka.

Kilichonifanya niamue hakikuwa ujasiri. Ni kwamba niliona mama hapumziki. Alikuwa akila ameukodolea macho utosi wangu. Nikisinzia kwenye mkeka, anakuja kuweka kiganja hewani juu ya kichwa changu bila kunigusa, kama mtu anayekinga taa isizimwe na upepo. Mwanamke aliyewalea watoto wote wale na kuvuka mpaka kwa miguu alikuwa anakwisha kwa ajili ya kitu chenye ukubwa wa yai.

"Mama," nikamwambia, "kama uko wazi, uko wazi tayari. Hata tusipomwachia daktari, maji yanatoka. Mimi naenda."

Aliendelea kuchambua maharage, akitupa hata yaliyo mazima.

"Basi mimi ndiye nitakunyoa," akasema mwishowe. "Si wao."

Na ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi ya upasuaji, hospitalini, alinifumua msuko mmoja baada ya mwingine, akakata, akanyoa kuanzia shingoni kupanda juu, na lile duara akalimaliza mwisho kabisa kwa kuzunguka taratibu. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe kile kitu kilikuwa nje chote, kimekaa peke yake juu ya kichwa kitupu. Mama alikitazama. Kisha akamfuata daktari hadi mlango wa chumba cha upasuaji na kumwambia kwamba yeye hataingia, lakini atasimama hapo, na kwamba asifunge akiwa na haraka.

Nilipozinduka mdomo ulikuwa mkavu na kichwa kimefungwa bandeji nene. Uso wa mama ulikuwa umeniinamia.

"Taja wajomba zako."

"Maji," nikasema.

"Yesu wangu, wajomba wamekwisha!" Alipiga yowe lililomwamsha kila mgonjwa wa wodi ile, na muuguzi akaja mbio, na nyuma yake daktari mwenyewe, bado amevaa kofia ya kitambaa. Akamwambia mama nyamaza. Mama akanyamaza. Halafu yule mzee akavuta kiti akaketi mbele yake, magoti kwa magoti, akavua miwani, na nikaona anatafuta maneno katika Kiswahili chake cha kambini na hayapati, maana hakuwahi kufundishwa maneno ya namna hiyo.

"Mama. Nimefungua. Kamba irikuwa hapo. Nyembamba, hivi. Inaenda chini mpaka mufupa, inaisha. Mufupa imefunga. Unasikia? Imefunga zamani. Huyu hajatembea, imeshafunga."

Mama akaangalia bandeji yangu.

"Hakuna murango," daktari akasema, akigonga meza kwa kidole kuonyesha ugumu. "Wewe umerinda. Umerinda vizuri. Sasa basi. Pumuzika."

Hiyo, naamini, ni amri anayopewa askari aliyemaliza zamu. Mama aliipokea hivyohivyo. Aliniangalia, akaangalia mikono yake, akaenda kwenye kitanda kitupu cha jirani, akajilaza na viatu vyake, akalala usingizi mzito hadi wakati wa chakula cha jioni. Muuguzi alitaka kumwamsha kwa sababu ya kanuni za wodi. Daktari alimkataza.

Majibu ya maabara yalikuja baadaye na kusema alivyokuwa amesema mzee: ni utando wa ubongo, ulioachwa chini ya ngozi tangu tumboni, umekua ukawa uvimbe, si saratani, umetoka wote. Wanafunzi walikuja kuniaga. Mmoja aliniambia kwa huzuni kwamba huenda asione mwingine kama mimi maishani mwake. Nilimwambia pole.

Kidonda kilipofunga nilirudi saluni na kichwa kipara chenye mshono katikati. Bosi alishika mdomo. Wateja waliokuwa wamekaa chini ya madraya walinyanyua vifuniko. Sikuwa na nguvu ya kutunga uongo mwingine, kwa hiyo nikawaeleza kila kitu, kuanzia kwa mkunga hadi maabara, kwa sauti ya kawaida, huku nikifunga aproni. Kisha mkono mmoja ukapanda kichwani, ukapapasa Kiota. Ukapanda mwingine. Yule mama wa duka la vitambaa alikuwa wa mwisho.

"Kwa hiyo hii yangu," akauliza polepole, "ni nguo ya bongo?"

"Yako ni godoro, mama. La hapohapo ng'ambo."

Kiota kilikufa Kampala nzima kwa muda mfupi kuliko ule kilioutumia kuzaliwa. Bosi alininunia, halafu akaniuliza kama kweli najua cherehani, na nikaanza kushona nguo za wateja kwenye kona ya saluni. Nilishona vizuri. Hakuna aliyeamini kwamba Mkongo anaweza.

Nyumbani mtihani wa asubuhi uliendelea. Mama alikuwa amekubali kwamba mfupa umefunga, lakini alisema akili ni kitu kingine, inaweza kuwa imetoka na kile kivimbe bila daktari kuona. Nywele zilikuwa zimeshaanza kuota tena, sawasawa kichwa kizima, bila duara. Siku moja alikuwa barazani akitwanga sombe, majani ya muhogo, nami nimekaa kwenye kigoda karibu naye.

"Wajomba?"

Nikaanza kwa mkubwa. Nikaenda kwa wa pili. Sijui nilipatwa na nini, labda jua lilikuwa zuri. Nilipofika wa tatu, nikamweka mwenye nyumba wetu wa Kasubi, nikampa na ukoo wetu, nikaendelea bila kucheka.

Mchi ukasimama. Mama alinitazama, na hofu yote ya zamani ikarudi machoni pake, na hapo nikashindwa kujizuia, nikaangua kicheko. Akaelewa. Mkono ukapanda. Nilimwona anausikia ukipanda, nilimwona anangojea usite kama ulivyozoea. Haukusita. Ulishuka katikati ya utosi wangu, kwa kifundo cha kidole cha kati, na lilikuwa konzi kamili, kama ndugu zangu walivyonisimulia kwa miaka yote na mimi sikuwaamini.

Wote wawili tukaganda. Mama aliinama akapatazama pale alipopiga, akapapasa kwa kiganja kizima, akasubiri. Hakikutoka kitu isipokuwa machozi yangu.

"Inauma?"

"Inauma sana, mama."

Uso wake ukafunguka namna ambayo sijawahi kuiona. Akafuta pua kwa kanga, akaukunja mkono tena.

"Ile ilikuwa ya mujomba," akasema. "Hii ni ya mafuta ya mawese."